Kuzamia Chini ya Gati: Maandalizi ya Afya kwa Safari ya Kundi

Mtu akitaja kuzamia, wengi wetu hufikiri kina kirefu na papa. Makala haya yanahusu kuzamia kwa aina nyingine, yaani kuzamia kwa mtungi wa hewa chini ya gati, ambako kina cha maji kwa kawaida hakizidi sana mita 10, nchi kavu inaonekana na ngazi ya kupandia haiko mbali. Vikundi hupenda magati kwa sababu hayahitaji boti, wageni na wazoefu wanaweza kuzamia pamoja, na gharama ni ndogo. Kwa sababu hizohizo, safari za gati huandaliwa kwa haraka kuliko nyingine zote. Watu hupanga chakula, magari na mahali pa kulala kwa uangalifu mkubwa, kisha suala la afya humalizwa kwa swali moja linaloulizwa gatini siku yenyewe: "Wote wazima?" Na wote hujibu kuwa ni wazima.

Ninawaandikia wasomaji wa aina mbili. Wa kwanza ni tabibu au muuguzi ambaye ataletewa fomu ya afya ya mzamiaji aitie saini, au ataletewa mzamiaji mwenyewe akiwa mgonjwa. Wa pili ni mtu mwenye pumu, kisukari, shinikizo la juu la damu au kovu la kifua kikuu ambaye amealikwa na wenzake kwenda kuzamia, naye anajiuliza kama aende. Mfano nitakaoutumia ni wa Australia Kusini, kwa kuwa huko kuzamia chini ya magati ni desturi iliyokomaa, na kwa kuwa niliishi Adelaide wakati wa masomo yangu na nikasafiri na vikundi vya namna hiyo. Yanayoupata mwili majini ni yaleyale popote penye bahari.

Magati yenyewe

Pwani ya Australia Kusini ina ghuba mbili kubwa, Spencer na St Vincent, na katikati yake rasi ya Yorke. Kabla ya kuwepo barabara nzuri, nafaka, chumvi na chokaa ya rasi hiyo vilisafirishwa kwa vyombo vya matanga, ndiyo maana vijiji vingi vya pwani vikajengewa magati. Gati la Edithburgh lilijengwa mwaka 1873. Kaskazini yake, huko Wool Bay, tanuri la zamani la chokaa bado limesimama juu ya genge likitazama gati. Ng'ambo ya ghuba, kusini mwa Adelaide, lipo gati la Rapid Bay lililojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya kupakia mawe ya chokaa. Gati hilo la zamani lilifungwa kwa umma, na jipya, ambalo ni fupi zaidi, likajengwa kando yake na kufunguliwa mwaka 2009.

Biashara imekwisha, nguzo zimebaki. Miaka mingi ya kukaa majini imezivika sifongo za rangi ya machungwa, zambarau na manjano, na kuzifanya kuwa makazi ya ngisi wadogo, farasi wa baharini na samaki wanaojigeuza wafanane na mawe. Wageni wengi huenda kumtafuta mnyama mmoja, jamaa wa farasi wa baharini, ambaye mwili wake umeota viungo mfano wa majani ya mwani hata akielea huwezi kumtofautisha na mwani wenyewe. Dume ndiye abebaye mayai. Mnyama huyo analindwa na sheria na ni nembo ya bahari ya jimbo hilo. Yupo pia pweza mdogo mwenye pete za buluu, ambaye mate yake yana sumu inayopooza misuli ya kupumulia. Sumu hiyo haina dawa ya kuitangua. Aliyeng'atwa huokolewa kwa kupumuliziwa mpaka nguvu ya sumu ipungue, na jambo hilo lazima angalau watu wawili katika kundi wawe wamelifanyia mazoezi.

Uzuri huo wote humsahaulisha mtu saa na baridi. Maji ya ghuba hizo yana joto la nyuzi 12 hivi wakati wa majira ya baridi, na nyuzi 20 au zaidi kidogo kiangazi. Kwa aliyezoea bahari ya Tanga au Lamu, hata kiangazi cha huko ni baridi.

Kwa nini mita 10 si kina kidogo

Hewa inayotuzunguka hutugandamiza kwa kiasi kiitwacho angahewa 1. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza angahewa 1 nyingine. Kwa hiyo, kutoka usoni mwa maji hadi mita 10, mgandamizo unakuwa maradufu, kutoka 1 hadi 2. Ili uwe maradufu tena, mzamiaji hana budi kushuka hadi mita 30. Mabadiliko makubwa kuliko yote, kwa kila mita anayoshuka au kupanda, yako katika maji yaleyale tunayoyaita madogo.

Chukua mfano wa mapafu yenye lita 6 za hewa katika kina cha mita 10. Mwenyewe akishtuka, akazuia pumzi na kukimbilia juu, hewa hiyo itataka nafasi ya lita 12 afikapo usoni mwa maji, na kifua hakina nafasi hiyo. Vifuko vya hewa hupasuka, na hewa hupenya kwenye mishipa ya damu, hufika moyoni na kusukumwa hadi kwenye ubongo. Mapafu yaliyojaa yanaweza kupasuka kwa kupanda kina kinachozidi mita moja kidogo tu, na hivyo ajali hii imewahi kutokea katika mabwawa ya kujifunzia kuogelea. Masikio nayo huanza kuuma kabla ya mita 3, na mwenye mafua asiyeweza kusawazisha hewa ya masikio anaweza kupasuka ngoma ya sikio kabla hajaliona hata hilo joka la majani.

Jambo la tatu halijulikani sana, hata miongoni mwa matabibu. Mtu aliyesimama majini hadi shingoni husukumiwa damu kutoka miguuni kuelekea kifuani, zaidi ya nusu lita. Baridi huibana mishipa ya ngozi na kuongeza damu nyingine kifuani, na suti ya mpira iliyobana huzidisha. Moyo wenye afya huubeba mzigo huo. Moyo uliokwisha kukakamaa kwa sababu ya shinikizo la damu la miaka mingi unaweza kushindwa, na maji ya damu yakavujia kwenye mapafu. Mgonjwa huanza kuzama bila kumeza hata tone la bahari.

Kuhusu naitrojeni kuyeyuka katika damu na kutoka kama viputo, ambao ndio ugonjwa wa wazamiaji unaotajwa sana, kina cha gati kina nafuu kuliko miamba ya mbali. Lakini kundi lizamialo mara tatu au nne kwa siku, kwa siku mbili mfululizo, huku wengine wakipanda na kushuka kila dakika kutafuta njia, halistahili kujiona salama kabisa.

Asubuhi moja Edithburgh

Tulikuwa watu tisa, nami nilikuwa daktari kijana ambaye hakuwa amewahi kusikia kuhusu mapafu kujaa maji kwa sababu ya kuzamia. Miongoni mwetu alikuwepo mzee wa karibu miaka 60 aliyezamia kwa zaidi ya miaka 20, na kila mtu alimtazama kama mwalimu. Katika fomu ya afya alijibu "hapana" kwa maswali yote. Baadaye tulijua kwamba alikuwa akitumia dawa za shinikizo la damu, na kwamba zilibadilishwa wiki mbili kabla ya safari. Suti yake ilikuwa imechanika, akaazima ya mwenzake mwembamba.

Tuliogelea juu ya maji mita 80 hivi dhidi ya mkondo, kisha tukashuka mita 6. Haukupita muda mrefu akatoa ishara ya kutaka kupanda. Alipofika juu alikuwa akikohoa, akasema hewa haimtoshi ingawa mtungi wake ulikuwa zaidi ya nusu. Alipofikishwa kwenye ngazi hakuweza kuipanda. Watu wawili walimsukuma kutoka chini na mmoja alimvuta kutoka juu, na walipomkalisha kwenye mbao za gati, povu lililomtoka mdomoni lilikuwa na rangi ya waridi.

Mtungi wa oksijeni tulikuwa nao. Ulikuwa ndani ya gari, gari lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa mwenye gari ambaye wakati huo alikuwa chini ya maji mwishoni mwa gati. Dakika 14 zilipita kabla hajaonekana. Katika dakika hizo tulibishana. Wengine walitaka mgonjwa alazwe chali, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa kuhusu mzamiaji anayeugua baada ya kupanda. Mgonjwa mwenyewe alikataa, akapigana nasi ili aketi, naye ndiye aliyekuwa na haki. Tulimfungua suti, gari la wagonjwa likaja kutoka Yorketown, ambako kuna hospitali isiyo mbali, na kwa oksijeni na uangalizi alianza kupata nafuu jioni ileile. Uchunguzi wa moyo uliofanywa baadaye Adelaide ulionyesha misuli ya moyo iliyonenepa kwa sababu ya shinikizo la damu. Hakuzamia tena.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Kwamba aliandika uongo kwenye fomu ni kweli, lakini sisi ndio tuliopanga mambo kwa namna iliyofanya ukweli uwe ghali. Fomu zilijazwa ndani ya gari, njiani, mbele ya watu wote. Alikuwa amekwishalipia kitanda na mitungi bila matumaini ya kurudishiwa chochote. Alikuwa amesafiri zaidi ya kilomita 200. Mtu wa namna hiyo hawezi kusema gatini kwamba kifua chake si kizuri, na kumlaumu kwa hilo hakusaidii. Uamuzi wa nani azamie lazima ufanywe nyumbani, faraghani, wakati ambapo kukataa hakumgharimu mtu fedha wala heshima.

Nani abaki nchi kavu

Fomu ya maswali ya afya itolewe wiki tatu kabla ya safari na irudishwe kwa mtu mmoja tu, atakayetunza siri. Aliyejibu "ndiyo" kwa swali lolote la msingi aende kwa tabibu akiwa na muda wa kutosha kufanyiwa vipimo. Kundi likubaliane mapema kwamba anayejitoa kwa sababu ya afya, hata asubuhi ya safari, anarudishiwa fedha zake. Sheria hiyo ndogo ya mfuko, kwa maoni yangu, imeokoa mapafu mengi kuliko mihadhara yetu.

Tabibu atakayeletewa fomu hiyo asiisaini kwa kupima mapigo ya moyo peke yake. Mwenye kifafa asizamie, kwani kuanguka kifafa chini ya maji ni kufa maji. Mjamzito asizamie. Aliyewahi kupatwa na hewa kuvuja kifuani bila kuumia asizamie kwa mtungi. Mwenye ugonjwa wa selimundu asizamie, ingawa yule mwenye kubeba vinasaba vyake bila ugonjwa anaweza kujadiliwa. Pumu inahitaji mazungumzo marefu zaidi: mtu ambaye pumu yake huamshwa na baridi, mazoezi au wasiwasi atavikuta vyote vitatu chini ya gati, na hewa iliyonaswa nyuma ya njia iliyobana hutanuka apandapo kama ilivyoelezwa. Mwenye pumu iliyotulia, ambaye kipimo cha nguvu ya pumzi ni cha kawaida hata baada ya mazoezi, anaweza kuruhusiwa. Mwenye kisukari anayetumia insulini atazamwe na anayejua kazi hiyo, kwa maana sukari ikishuka majini dalili zake hufanana na kuchanganyikiwa kwa kawaida.

Katika nchi zetu kuna swali ambalo fomu za kigeni hulitaja haraka mno, nalo ni kifua kikuu. Aliyepona anaweza kubaki na makovu au mashimo kwenye mapafu yanayonasa hewa. Asiruhusiwe kabla ya picha ya kifua na kipimo cha pumzi, hata kama anajiona mzima na anacheza mpira. Swali lingine linawahusu wageni wanaokuja kwetu wakitumia meflokwini kuzuia malaria. Dawa hiyo inaweza kuleta kizunguzungu na mfadhaiko, dalili zinazoweza kudhaniwa kuwa ni za ugonjwa wa wazamiaji. Zipo dawa nyingine za kinga wanazoweza kupewa.

Kwa mwenye shinikizo la damu, jambo la kuangalia ni hali ya moyo na uwezo wa kufanya kazi. Anayechoka kwa kupanda ngazi ghorofa mbili asidanganywe na wepesi anaouhisi akielea. Dawa ikibadilishwa, asubiri mpaka hali itulie. Na ikiwa amewahi kukohoa povu au kukosa pumzi majini, hata mara moja na hata kama alipona baada ya saa chache, aache kuzamia hadi moyo wake uchunguzwe, kwa sababu hali hiyo hujirudia.

Anayebaki si mzigo wa kundi. Kila kundi la gati linahitaji mlinzi wa juu: mtu mkavu, mwenye simu, daftari na funguo zote za magari. Mlinzi huandika jina na saa ya kila anayeingia, na saa aliyoahidi kutoka. Akipita dakika kumi, huanza kuuliza. Kazi hii haipewi aliyechoka au aliyekosa mwenzake wa kuzamia naye. Hupangwa tangu nyumbani.

Maji, upepo na hewa ya mtungi

Australia Kusini ina jambo ambalo mwana pwani wa kwetu atalifurahia. Sisi tunajua bamvua na maji mafu, na hata katika maji mafu bahari yetu bado hupanda na kushuka kwa kiasi cha kuonekana. Katika ghuba za Spencer na St Vincent, nguvu ya mwezi na nguvu ya jua juu ya maji zinakaribia kulingana, hivyo zinapopingana, kila baada ya wiki mbili hivi, huviziana mpaka maji yakasimama karibu siku nzima. Wazamiaji wa huko huitafuta siku hiyo kwenye jedwali la maji kabla ya kuchagua tarehe. Mkondo unapokufa, maji huwa safi zaidi na mzee wa miaka 60 hahitaji kupigana na bahari.

Rasi ya Yorke ina pwani mbili, kwa hiyo upepo ukichafua upande mmoja, kundi linaweza kuvuka kwenda upande mwingine, kwa mfano Port Hughes iliyo upande wa ghuba ya Spencer. Mpango mzuri hutaja gati la kwanza, gati mbadala, na siku ya kutozamia kabisa. Mawimbi yakipiga nguzo kiasi cha kufika kwenye mbao za chini za ngazi, jibu ni hapana, maana nguzo zimejaa magamba makali, na kupanda ngazi inayopigwa na wimbi ukiwa na kilo zaidi ya 20 mgongoni ni hatari kuliko kuzamia kwenyewe.

Afya ya bahari nayo iulizwe. Mwezi Machi 2025 watelezaji wa mawimbi katika fukwe za Waitpinga na Parsons walianza kulalamika kikohozi na macho kuwasha, na ikabainika kuwa mwani mdogo usioonekana kwa macho, wa jamii ya Karenia, ulikuwa umechanua kupita kiasi. Uchanuaji huo ulienea hadi kwenye ghuba na kuua samaki na viumbe wengi, wakiwemo wa chini ya magati niliyoyataja. Wenye pumu walishauriwa kukaa mbali na povu la mawimbi na kuwa na dawa zao za kuvuta karibu. Mpangaji wa safari asome taarifa za idara ya afya ya mahali anapokwenda wiki hiyo, asitegemee sifa za mwaka jana.

Kuhusu hewa, hesabu ni rahisi na ifanywe kwa kalamu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 una lita 2,400 za hewa. Bar 50 za mwisho, yaani lita 600, haziguswi. Zinabaki 1,800. Mtu atumiaye lita 20 kwa dakika nchi kavu hutumia 40 kwa dakika katika kina cha mita 10, hivyo ana dakika 45. Lakini mgeni mwenye baridi na hofu anaweza kutumia mara mbili ya kiasi hicho, na muda wake ukawa dakika 22. Kundi zima hufuata mwenye hewa kidogo. Na chini ya gati hakuna ruhusa ya kupanda popote, kwa sababu juu yako kuna mihimili, mishipi ya wavuvi na wakati mwingine boti. Kila jozi ijue ngazi ya kutokea na njia ya pili ya kufika ufukweni, na kila mmoja awe na kisu au mkasi wa kukatia mshipi. Salamu kwa wavuvi walioketi juu, kabla ya kuingia majini, hupunguza ndoana kuliko ubishi wa baadaye.

Oksijeni iwekwe gatini, karibu na mlinzi, imefunguliwa na kupimwa kabla mtu wa kwanza hajalowa. Mtungi mdogo hauwezi kumfikisha mgonjwa mbali, kwa hiyo pigeni hesabu ya dakika hadi hospitali ya karibu na mlinganishe. Mjue kabla ya kuondoka ni wapi kilipo chumba cha mgandamizo ambacho wagonjwa hutibiwa, na mpige simu kuuliza kama kinafanya kazi wiki hiyo. Kwa magati ya Australia Kusini jibu ni Hospitali ya Royal Adelaide. Kwa pwani ya Afrika Mashariki jibu litafutwe upya kila safari, kwa simu na si kwa kusikia.

Mgonjwa akifika mbele yako

Mzamiaji aliyepoteza fahamu, aliyepooza upande au aliyechanganyikiwa mara tu baada ya kupanda, achukuliwe kuwa hewa imeingia ubongoni. Alazwe chali, apewe oksijeni kwa kiwango cha juu kabisa kupitia barakoa inayoziba vizuri, atundikiwe maji ya chumvi ikiwa haendi haja ndogo vizuri au amepungukiwa maji, na safari ya kwenda kwenye chumba cha mgandamizo ianze. Asirudishwe majini kwa matumaini kwamba bahari itayaminya mapovu. Asipewe naitrasi oksaidi kama dawa ya maumivu, kwani hupanua viputo. Pafu lililovuja litafutwe na kutibiwa kabla ya kuingizwa chumbani.

Aliyekosa pumzi akiwa bado majini, kabla ya kupanda au wakati akiogelea, mwenye kikohozi na sauti za maji mapafuni, ni mgonjwa mwingine kabisa. Huyu aketishwe. Suti ivuliwe, oksijeni itolewe, na kama hospitali ina mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa itumike. Wengi hupona ndani ya siku moja au mbili, na hapo ndipo kosa hufanyika: huruhusiwa kwenda nyumbani na cheti cha nimonia. Swali la kwanza, "Ulianza kuhisi vibaya ukiwa wapi, chini au juu?", hutenganisha magonjwa haya mawili vizuri kuliko vipimo vingi.

Kwa wenzangu walioko kwenye zahanati za pwani, naongeza swali jingine. Wavuvi wanaozamia kwa mitungi au kwa mpira wa kompresa wakitafuta jongoo bahari hawana kundi, fomu wala mlinzi wa gati. Wanakuja na maumivu ya bega au goti, ganzi ya miguu, au kushindwa kukojoa, na hutibiwa malaria au baridi yabisi. Kila kijana wa pwani mwenye dalili hizo aulizwe: "Ulizamia ndani ya siku mbili zilizopita?" Akijibu ndiyo, aanze oksijeni huku ushauri ukitafutwa. Dalili nyingi hujitokeza ndani ya saa 24, lakini aliyechelewa bado anastahili tiba.

Safari ya kurudi

Baada ya kuzamia mara moja bila kuhitaji vituo vya kupumzikia njiani wakati wa kupanda, inashauriwa kusubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, na saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Wengi wanaijua kanuni hii kuhusu ndege na kuisahau kuhusu milima. Hewa hupungua mgandamizo vilevile mtu akipanda kwa basi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na Arusha mita 1,400, na Lushoto iko karibu sawa na Arusha. Aliyezamia Diani asubuhi na kupanda treni ya mchana kwenda Nairobi, au aliyezamia Tanga na kulala Lushoto usiku huohuo, ameufanya mwili wake upande mlima ukiwa bado na naitrojeni ya bahari. Kwa hiyo kundi lililozamia Ijumaa na Jumamosi limalize kuzamia saa sita mchana wa Jumamosi, lile na kulala pwani, na basi la kwenda bara lisiondoke kabla ya saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili.